Wafungulieni meli njia, msiikaushe Sudd

Haya, leo tutoke kidogo Bongo, twende Sudan Kusini. Na kabla hujauliza "hayo yanatuhusu nini?", kumbuka mambo mawili. Kwanza, Sudan Kusini ni mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016. Pili, maji ninayotaka kuyazungumzia yanatoka kwetu. Yanatoka Ziwa Victoria pale Jinja, yanapita Kyoga na Albert, yanashuka Nimule na Juba, halafu yanaingia kwenye kinamasi kikubwa kiitwacho Sudd.

Usidhani ni kibwawa cha vyura. Sudd iliposajiliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, eneo lililoandikwa lilikuwa kilomita za mraba 57,000. Hizo ni zaidi ya Rwanda mbili! Jina lenyewe limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kizuizi. Mafunjo na magugu maji hushikamana yakawa visiwa vinavyoelea, na meli ikivikuta inakwama.

Ugomvi unaanzia hapo hapo. Je, mto uchimbwe ili meli zipite, au kinamasi kiachwe kama kilivyo?

Tuwe wakweli: wanaotaka mto uchimbwe siyo wendawazimu. Nchi haina bahari. Barabara nyingi hazipitiki wakati wa masika. Mzigo unaotoka Mombasa unafika Juba kwa lori, lakini kutoka Juba kwenda Bor na Malakal mto ndiyo barabara ya uhakika, na tishari moja hubeba mzigo wa malori mengi. Tishari likikwama, chakula hakifiki. Anayepinga meli akiwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, amuulize mama wa Malakal bei ya unga.

Tatizo langu ni jingine. Neno "njia ya meli" limezoea kubebeshwa mzigo usiokuwa wake.

Chukua mfereji wa Jonglei. Ulianza kuchimbwa mwaka 1978, ukapangwa uwe na urefu wa kilomita 360 hivi. Wananchi waliambiwa utafupisha safari ya meli kati ya Khartoum na Juba. Ni kweli ungefupisha, lakini shabaha kubwa ilikuwa kuyapitisha maji pembeni ya Sudd ili yafike kaskazini, Sudan na Misri, bila kupotea kwa jua. Wanafunzi wa Juba walikuwa wameshaandamana kuupinga mwaka 1974, na watu wakapoteza maisha. John Garang alizichambua ahadi za maendeleo za mradi huo katika tasnifu yake ya udaktari huko Iowa mwaka 1981. Mwaka 1984 wapiganaji wa SPLA wakaishambulia kambi ya wachimbaji na kazi ikafa, zaidi ya kilomita 240 zikiwa zimeshachimbwa. Shimo lipo mpaka leo, na meli hata moja haijapita.

Mwaka 2022 filamu ikarudiwa. Mitambo kutoka Misri iliwasili Bentiu kwa ajili ya kuzibua mto Naam. Safari hii sababu zilikuwa mbili: meli na mafuriko. Profesa John Akec, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Juba, akaanzisha kampeni ya kukusanya sahihi za wanaopinga. Mwezi Julai mwaka huo huo Rais Salva Kiir akasimamisha uchimbaji hadi utafiti wa kuaminika ufanyike. Yaani mitambo ilifika kwanza, maswali yakafuata. Mahari inalipwa kabla ya posa!

Kwa nini tathmini ya mazingira iwe na uzito kiasi hicho? Kwa sababu Sudd inaishi kwa maji kufurika. Mto unajaa, unamwagika mbondeni, kisha maji yanapungua na majani mabichi yanabaki. Wadinka na Wanuer hupeleka ng'ombe wao huko wakati wa kiangazi. Samaki huzaliana kwenye maji hayo ya pembeni. Ukichimba mto kwa kina kirefu, maji yanakimbia katikati na bonde linakauka. Ukirundika tope kandokando, umejenga ukuta unaozuia maji yasitoke wala kurudi. Na ng'ombe wakikosa malisho kule, watu hugombania machache yaliyobaki, tena kwa bunduki.

Kuna atakayesema: watu wanazama, wewe unataka makaratasi? Hoja nzito hiyo. Lakini mwaka 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi ya kina chake, na maji hayo ndiyo yaliyoshuka huko. Kuyasukuma haraka kutoka Bentiu ni kumpelekea jirani wa chini mafuriko yako. Kilichowaokoa maelfu ya watu wa kambi ya Bentiu ni matuta ya udongo yaliyowazunguka.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ondoeni visiwa vya magugu vinavyoziba njia kuu. Chimbeni fungu la mchanga pale tu meli zinapokwama, kwa kina cha tishari na si zaidi. Tope lisirundikwe ukingoni kukata njia ya maji. Kabla ya yote, tathmini itangazwe hadharani, na mfugaji aisikie kwa lugha yake. Mradi ukidai kina kuliko kinachohitajiwa na meli, tujue hauzungumzii meli tena. Hapo waulizwe: maji haya yanakwenda kwa nani?

Swali hilo ni letu pia. Sisi wa juu ya mto tunaona kama Sudd ni ya wenyewe. Lakini jumuiya inayoshughulikia ushuru tu na kukaa kimya kuhusu maji ni jumuiya ya makaratasi.

Ni hayo tu kwa leo. Wewe unaonaje?