Safari ya hifadhini kwa jicho la imani: tumwone tembo, tumwone na jirani yake



Katika miaka ya hivi karibuni matangazo ya mwisho wa Misa katika parokia zetu yamepata jambo jipya: safari ya hifadhini. Kwaya, WAWATA, vijana na watoto wa Utoto Mtakatifu wanachangishana nauli na viingilio ili kwenda Mikumi, Ngorongoro au Serengeti. Filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa mwaka 2022, ililenga hasa wageni kutoka nje, lakini imewaamsha pia Watanzania kutaka kuyaona kwa macho yao yale ambayo wengine huvuka bahari kuyafuata. Hili ni jambo jema. Swali ni hili: je, imani inampa mwamini kuona nini zaidi ya kile kinachonaswa na kamera ya simu?

Neno “safari” ni letu, na lugha nyingi za dunia zimeliazima. Huko lilikokwenda limebaki na maana moja tu, ya kwenda kutazama wanyama. Kwetu safari ni kutoka na kufika, ni kuagwa na kupokelewa, na Kanisa lenyewe tunaliita Kanisa linalosafiri. Basi mkristo anayepanda gari kwenda Serengeti haachi imani yake getini.

Maandiko Matakatifu yanamfundisha jambo la kwanza, nalo ni unyenyekevu. Ayubu, akiwa katika mateso makali, alimdai Mungu maelezo. Mungu alipomjibu, hakuanza na hoja juu ya mateso, bali alimpitisha kwa maneno kati ya viumbe wake: simba, kunguru, punda mwitu, mbuni na tai. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefugwa na Ayubu, wala aliyemletea faida. Wote wanaishi kwa sababu Mungu anapendezwa nao. Anayesimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, au anayetazama nyumbu zaidi ya milioni moja wakifuata mvua na malisho kati ya Serengeti na Maasai Mara, anapokea somo hilohilo: ulimwengu haukuanzia kwangu, wala hauishii kwangu. Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake wa Kitume “Laudato si’” wa mwaka 2015 juu ya utunzaji bora wa mazingira nyumba ya wote, anakazia kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele za Mungu, kabla ya kuuliza kina manufaa gani kwa mwanadamu.

Jambo la pili linatoka katika Zaburi ya 104. Mzaburi anaona utaratibu katika mgawanyo wa siku. Usiku ni zamu ya simba, wanaonguruma wakitafuta kwa Mungu chakula chao. Jua likichomoza wanarudi kulala, naye mwanadamu anatoka kwenda kazini kwake hadi jioni. Wote wanakula katika mkono mmoja, ila kila mmoja kwa zamu yake.

Hapo ndipo habari za siku hizi zinapotugusa, kwa maana katika vijiji vingi vinavyopakana na hifadhi zamu hizo zimevurugika. Mkulima wa kando ya Serengeti au Mikumi, mahindi yanapokaribia kukomaa, harudi nyumbani jioni. Jioni ndipo anapokwenda shambani, na tochi na debe la kupiga kelele, akeshe akilinda, kwa sababu tembo wachache wakiingia, kazi ya msimu mzima inaweza kwisha kwa usiku mmoja. Asubuhi mtoto wake anaogopa kupita njia ya shule. Mtalii anapoondoka na picha nzuri ya tembo, mkulima huyo anabaki na tembo mwenyewe.

Tusikimbilie kumlaumu mnyama, wala wahifadhi. Kutokana na ujangili, tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Taifa lilishtuka, ulinzi ukaimarishwa, na idadi ikaanza kupanda tena. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, na tunawaombea askari wa wanyamapori waliopoteza maisha kazini. Lakini wakati tembo wakiongezeka, watu nao wameongezeka, na mashamba na makazi yameingia katika shoroba, yaani mapito ambayo wanyama wameyatumia tangu zamani. Mafanikio ya uhifadhi yana gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawasawa. Fahari ni ya taifa zima, na furaha ni ya dunia nzima. Hasara inamwangukia mwenye ekari mbili za mahindi.

Serikali inalitambua hilo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao au kuuliwa mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo yenyewe yanasema kweli: hii si fidia, ni mkono wa pole. Mkono wa pole una heshima yake, lakini ukichelewa au ukiwa mdogo kupita kiasi, machozi hukauka yenyewe na uchungu hubaki. Na mwenye uchungu ndiye anayetega mitego ya nyaya, au anayefumba macho jangili anapopita.

Suala la Ngorongoro ni zito zaidi. Eneo hilo lilianzishwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, na kati ya waliolitegemea walikuwamo wafugaji walioondolewa Serengeti. Leo wakazi wanahesabika kwa makumi elfu, na tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Wapo wanaosema hifadhi imezidiwa. Wapo wanaosema wanasukumwa kutoka katika ardhi ya baba zao. Kwa Kanisa hawa si wakazi wa kwenye magazeti. Ni waamini wetu, wenye makatekista na vigango vyao, na wenye Hospitali ya Endulen ya Jimbo Kuu la Arusha. Mafundisho Jamii ya Kanisa hayatupatii ramani ya mipaka ya hifadhi, lakini yanatupatia kipimo: utu na heshima ya kila mtu, mafao ya wengi, na haki ya wahusika kusikilizwa kwanza kabla ya uamuzi kufanyika juu yao. “Laudato si’” inafundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Anayemtetea tembo kwa kumsahau mkulima, na anayemtetea mkulima kwa kumwangamiza tembo, kila mmoja amesikia kilio kimoja tu.

Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, katika Azimio la Arusha la mwezi Septemba 1961 juu ya wanyamapori, lililotangulia lile mashuhuri la 1967, aliwataja viumbe hawa kama amana tunayopaswa kuwatunzia wajukuu wetu. Amana hailindwi na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Tukirithi sote, sharti tuchangie sote.

Tufanye nini basi? Kwanza, parokia inayoandaa safari iiandae kama hija: Jumuiya Ndogo Ndogo zisome Ayubu sura ya 38 na 39 na Zaburi ya 104 kabla ya kuondoka. Pili, ratiba iwe na Dominika moja katika parokia jirani na hifadhi, tusali Misa pamoja nao, tuwasikilize, na matoleo yetu yabaki kwao. Tatu, zipo njia zilizojaribiwa za kuwazuia tembo bila kuwaua, kama uzio wa kamba zenye pilipili na uzio wa mizinga ya nyuki, ambao humpa mkulima asali pia. Kamati zetu za maendeleo zinaweza kuchangia mizinga, na sisi tukanunua asali hiyo. Nne, katekesi iseme wazi kwamba ujangili ni dhambi dhidi ya amana ya wote, na kwamba kumcheleweshea maskini haki yake ni dhambi vilevile.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kinachoanza tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Francisko wa Assisi, ni wakati muafaka wa kuanza. Twendeni hifadhini, tumsifu Muumba kwa kazi ya mikono yake. Na tukiwa njiani kurudi, tusimame kidogo katika kijiji cha mwisho kabla ya lami, tumsalimie aliyekesha.