Stima zikipotea, tuulize milisekunde

Kila stima zinapopotea nchi nzima, taarifa hutolewa, na taarifa hizo zafanana: laini fulani imejikata, mafundi wako kazini, tuwe na subira. Subira tunayo, ni katika dini yetu. Lakini subira haimzuii mtu kuuliza, na kwa maoni yangu twauliza swali pungufu. Twauliza nani kasababisha. Twasahau kuuliza kila mtambo ulichukua muda gani kukata.

Chukua Ijumaa ya tarehe 6 Septemba 2024. Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, alieleza kwamba saa mbili na dakika 56 asubuhi laini ya Loiyangalani ilijikata katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo wa Turkana. Kisha ikafuata laini ya kutoka Ethiopia iliyokuwa na megawati 200. Jumla megawati 488 zikatoweka. Taarifa hiyo ilitupa dakika. Lakini ndani ya dakika moja mna milisekunde elfu sitini, na ugonjwa wote umejificha humo.

Mwaka mmoja kabla, Agosti 2023, gridi ilipoanguka, kidole kilielekezwa kwa kiwanda cha upepo cha Turkana. Wenyewe wakajibu kuwa volti za gridi ndizo zilizopanda mno, mitambo yao ikajizima kujilinda. Huyu asema kuku, yule asema yai. Ugomvi kama huo hauamuliwi kwa vyeo wala kwa mikutano ya wanahabari. Huamuliwa na saa: volti zilipanda kabla ya kiwanda kujitoa, au baada yake?

Nilisomea stashahada ya umeme, kwa hivyo niruhusu nieleze kwa lugha ya mtaani. Rilei ni mlinzi, breka ni mkono. Rilei hupima mkondo na volti. Ikiona hitilafu humwamuru breka afungue. Muda wa kukata, basi, ni wa rilei kuona na kuamua, ukijumlisha na wa breka kufungua hadi cheche izimike. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Katika laini kubwa, rilei ya kisasa huamua kwa takriban milisekunde 20 hadi 30, na breka hufungua kwa 40 hadi 60. Jumla ni 60 hadi 90. Kope ya jicho haijamaliza kufumba.

Huku kwenye laini za mitaani, rilei hucheleweshwa kwa makusudi, ili aliye karibu na hitilafu akate kwanza na wa nyuma yake angoje kiasi cha sekunde 0.3 au 0.4. Mkondo ukizidi, muda hupungua. Katika mpangilio mmoja unaotumika sana, mkondo ukiwa mara 2 ya kiwango, rilei hungoja sekunde 1. Ukiwa mara 5, sekunde 0.43, ukiwa mara 10, sekunde 0.3. Yaani muda wakadirika mapema, kwa kalamu na karatasi.

Na hapo ndipo penye haki. Mchunguzi hukadiria muda uliotarajiwa, kisha akaulinganisha na kumbukumbu za mitambo. Akitarajia milisekunde 80 akakuta 400, basi mlinzi wa karibu alilala, aliyekata ni wa akiba. Akikuta rilei iliamuru kwa 25 lakini breka ikachukua 200, basi rilei haina kosa. Breka ndiyo nzito, haijafanyiwa matengenezo. Kosa la kwanza huenda likawa la mhandisi aliyepanga viwango. La pili laweza kuwa la bajeti ya matengenezo. Ukisema tu "hitilafu ya kiufundi", wote wawili wamenusurika.

Mwenzangu wa Mombasa au Lamu atauliza, Suswa yatuhusu nini? Megawati 488 zikitoweka ghafla, mashine zilizobaki huelemewa na mzunguko hushuka chini ya 50. Hapo rilei nyingine zapasa kuwakatia baadhi ya wateja upesi, mzigo upungue. Zikichelewa, mashine zilizobaki hujitoa zisiharibike. Ndiyo maana waweza kuwa na mitambo Kipevu na Rabai, na barafu ya mvuvi ikayeyuka vilevile.

Tena sisi wa pwani tuna mambo yetu. Chumvi ya bahari hukaa kwenye vikombe vya kauri vya nguzo, umande ukiilowesha umeme hupita. Chumvi hiyo hiyo hula vyuma vya breka, mkono ukawa mzito. Na baya zaidi: waya ukikatika ukaangukia mchanga mkavu, mkondo unaoingia ardhini huwa mdogo, na rilei yaweza isione kitu kabisa. Hapo hakuna muda wa kukadiria. Waya umelala kimya na uko hai. Wafunzeni watoto wasiukaribie, hata kama nyumba zote zi gizani.

Ombi langu ni dogo. Kila baada ya gridi kuanguka, mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, iamuru itolewe orodha ya wazi: rilei ipi iliona nini, saa ngapi, breka ipi ilifungua baada ya milisekunde ngapi, na ilitarajiwa ngapi. Mitambo ya kurekodi ipo kwa kazi hiyo. Wabunge wetu wa pwani nao waulize hivyo bungeni, kwa tarakimu, maana tarakimu haijui kuzunguka maneno.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Breka iliyochelewa milisekunde mia moja leo ndiyo ufa wenyewe.