Usimvute Mkono Mzee

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumwona mzee wa namna hii mtaani kwako. Mgongo umepinda, kichwa kimeinama kama cha mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, viwiko vimekunjika, na mkono mmoja hauchezi anapotembea. Huenda kwa hatua fupi fupi huku akiburuta miguu. Mara hatua hizo huongeza kasi zenyewe, kana kwamba anaukimbilia mwili wake unaotangulia, mpaka ashike ukuta ama aanguke. Watoto humcheka. Wapita njia husema amelewa. Jamaa zake husema ni uzee tu, na wengine, kwa kunong'ona, husema amerogwa.

Nami niliwahi kukosea juu ya mzee wa namna hiyo. Alikuwa baba yangu mkubwa. Asubuhi moja tulikuwa tukiwahi basi, naye alipofika mlangoni akasimama ghafla, miguu imeganda kizingitini. Nilimshika mkono nikamvuta. Kiwiliwili kilikuja, miguu ikabaki. Alianguka akavunjika mkono, kwenye kifundo. Hakunilaumu, alisema tu, "Mwanangu, si kwamba sitaki kwenda. Miguu hainisikii."

Maneno hayo yalikuwa sahihi kuliko nilivyojua. Mzee alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeuandika mwaka 1817. Daktari huyo hakueleza kutetemeka peke yake. Alieleza pia jinsi mgonjwa anavyoinama mbele na jinsi mwendo wake unavyogeuka kuwa mbio asizozitaka. Hata hivyo, wengi wetu mpaka leo tunatazama mikono inayotetemeka na kusahau mgongo na miguu. Tena wapo wagonjwa ambao hawatetemeki kabisa.

Sababu yake ni hii. Ndani ya ubongo ipo sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, ambayo chembe hai zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo husaidia kuendesha yale ambayo mwili huyatenda bila kuamriwa: kuzungusha mikono tunapotembea, kurefusha hatua, kunyoosha mgongo. Chembe hizo zinapokufa, misuli hukakamaa, mwendo huwa mzito na mwili huinama. Kadiri ugonjwa unavyoendelea, uwezo wa kujisawazisha nao hupungua. Mtu mzima wa afya akisukumwa kidogo, mguu wake hukimbilia kumwokoa kabla hajafikiri. Kwa mgonjwa huyu, mguu huchelewa. Ndiyo maana daktari anayempima husimama nyuma yake na kumvuta mabega kwa ghafla, tayari kumdaka, aone kama atajizuia. Jambo hilo lisijaribiwe nyumbani.

Ugonjwa huu hauheshimu hata mwili uliozoezwa. Wazee wetu wanamkumbuka Muhammad Ali alipofika Dar es Salaam mwaka 1980. Huyo alikuwa bondia aliyesifika dunia nzima kwa wepesi wa miguu. Mwaka 1984 aliambiwa na madaktari kwamba ana ugonjwa huu, na mwaka 1996, alipowasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, dunia ilimwona akitetemeka. Nani atasema kuwa alikuwa mvivu wa kunyanyua miguu?

Basi, msomaji, shika jambo moja hili: mgonjwa wa Parkinson hulazimika kutenda kwa kufikiri yale ambayo wewe huyatenda bila kufikiri. Ukilielewa hilo, utajua mwenyewe namna ya kumsaidia.

Kwanza, usimvute wala usimharakishe. Waliosema haraka haraka haina baraka ni kama walimwona mzee huyu. Miguu ikiganda, mwache asimame imara, avute pumzi, ahamishie uzito mguu mmoja, kisha anyanyue mwingine kwa hatua ndefu. Mhesabie "moja, mbili", au mwimbie wimbo wenye mapigo anaoupenda. Mistari ya chaki iliyochorwa sakafuni, hatua kwa hatua, huwasaidia wengi, kwa sababu jicho huipa miguu alama ya kufuata.

Pili, usimzungumzishe anapotembea, wala usimpe mizigo ya kujaza mikono yote miwili. Akili yake ina kazi moja wakati huo. Akigeuka, ageuke kwa kuzunguka, kama lori linavyogeuza njiani, si kwa kujipinda pale pale kama mlango kwenye bawaba.

Tatu, mfundishe kuinuka. Asogee ukingoni mwa kiti, arudishe miguu nyuma kidogo, ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asimame. Akishasimama atulie kidogo, maana ugonjwa huu na baadhi ya dawa zake huweza kushusha shinikizo la damu na kumtia kizunguzungu. Kigoda kifupi hakimfai. Mpe kiti cha kimo chenye mikono.

Nne, itazame nyumba kwa macho yake. Mkeka uliokunjamana ukingo, kandambili iliyolegea, ndoo iliyoachwa njiani, giza la usiku: vyote hivyo ni mitego. Chooni, hasa choo cha kuchuchumaa, kaza nguzo au fito imara ya kushika.

Tano, mazoezi. Kila siku asimame akiegemea ukuta, visigino na mabega vikiugusa, ajitahidi kunyoosha shingo. Atembee kwa hatua ndefu, na kama anapenda ngoma, acheze, pawepo mtu karibu. Mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini atampangia zaidi, na ndiye atakayesema kama mkongojo unamfaa.

Dawa ipo. Levodopa, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, hulegeza misuli na kurejesha wepesi, lakini haiponyi ugonjwa, na kwa kupoteza mizani msaada wake huwa mdogo. Inywewe kwa saa zilizopangwa, wala isiachwe ghafla. Msomaji mjuzi wa miti atauliza juu ya upupu. Ni kweli, mbegu za upupu zina levodopa ndani yake. Lakini kipimo chake hakijulikani kwa kuangalia kiganjani, na mtu aweza kujidhuru. Usimpe bila daktari kujua. Na kama mzee alianza kuanguka mara kwa mara tangu mwanzo wa maradhi, mweleze daktari, kwani huenda ni ugonjwa mwingine unaofanana na huu.

Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, katika miaka ya 2000, ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa waliopatikana hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao. Maana yake ni kwamba waliishi, wakainama na kuanguka, huku wao na jamaa zao wakidhani ni uzee au mkono wa mtu. Usikubali mzee wako awe mmoja wao. Mpeleke hospitali.

Baba yangu mkubwa aliishi miaka mingine minne baada ya siku ile. Kila tulipofika mlangoni nilisimama kando yake, nikangoja, nikahesabu. Mara nyingi basi lilituacha. Lakini hakuanguka tena mikononi mwangu.