Tarumbeta Haijifunzwi kwa Mahubiri

Wako wenzetu, na baadhi yao ni walimu, wanaodai kwamba kijana wa Misunkumilo anayekaa na tarumbeta yake kusikiliza salsa, akirudia kipande kile kile mpaka majirani wakachoka, anajitia katika utumwa wa kigeni. Humwambia, "Buni cha kwako!" Agizo hilo lasikika kama la kizalendo, lakini ni agizo la mtu asiyejua kubuni hutoka wapi.

Tuwaulize ndugu hao: malenga anayejibizana na mwenziwe papo kwa papo, ile mizani 16 ya mshororo aliiota usingizini? Aliipata kwa kuhifadhi tungo za waliomtangulia, kina Muyaka bin Haji wa Mombasa, mpaka zikawa pumzi yake. Ndipo akaweza kutunga bila kalamu. Salsa nayo ina arudhi yake. Chini ya ngoma hugongwa klave, mapigo matano: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili. Mpulizaji anayeipotea klave ni kama mshairi aliyevunja mizani, hata sauti yake iwe tamu namna gani. Karatasi haitoshi kufundisha jambo hilo, sharti sikio.

Msikilizeni Félix Chappottín, aliyeirithi bendi ya Arsenio Rodríguez mjini Havana yapata mwaka 1950. Hamimini sauti ovyo. Huwaacha waimbaji wamalize kiitikio, huwajibu, kisha hunyamaza. Na kunyamaza huko ndiko kugumu kujifunza. Kijana na akiimbe kipande hicho kwa kinywa kwanza, bila ala, mpaka akijue. Kisha akitafute kwenye tarumbeta, akipandishe na kukishusha, abadili mwisho wake, halafu mwanzo wake. Siku kitakapokuwa chake chote, pengine hatatambua mwenyewe.

Na ugeni wenyewe una walakini. Klave ni mjukuu wa ngoma za Waafrika waliovushwa bahari utumwani. Ilirejea Afrika ndani ya santuri za GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, miongo kadhaa kabla jina la salsa halijavuma New York. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, alizipenda nyimbo za Kikuba hata akaiita bendi yake Cuban Marimba, naye akaimba Kiswahili kitamu. Nani leo athubutuye kumwita mtumwa? NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, iliweka safu ya tarumbeta na saksafoni. Wimbo ukifika kwenye chemko, zasikika zikisemezana na waimbaji.

Lawama yangu, basi, iko kwingine. Kijana huyu kwa simu yake humpata Chappottín hata usiku wa manane. Lakini ni shule ngapi zilizopata kumketisha mwanafunzi mbele ya muziki uliorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambao kanda zake leo zimo mikononi mwa TBC, akaambiwa: jifunze hapa? Twamlaumu kwa kula kwa jirani, ilhali jiko la kwao tumelifunga kwa kufuli, na ufunguo tumejitia mfukoni.

Mwalimu anayemkemea na apeleke darasani wimbo mmoja wa NUTA, aufikishe kwenye chemko, kisha awatake wanafunzi waimbe ile tarumbeta, si maneno. Wasipoweza, aurudie.