Mende na Chupa ya Sumu

Wapo wasemao kuwa mende ni alama ya uchafu, na wapo wasemao kuwa ni alama ya umaskini. Wote huishia mlango mmoja, nao ni ule wa mchuuzi wa dawa. Msomaji, ukipita soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili, huenda ukasikia kipaza sauti kikitangaza dawa ya panya, kunguni na mende. Dawa ya namna hiyo mara nyingi hutiwa katika chupa iliyokuwa ya soda; haina jina, haina kipimo, wala haina onyo. Nakusudia kusema waziwazi kwamba chupa hiyo haitawamaliza mende nyumbani mwako, na kwamba kuitumainia ni uvivu uliovikwa vazi la juhudi.

Chukua chumba kimoja cha kupanga katika mtaa wa Manyatta au Nyalenda. Jiko liko pembeni, kitanda kiko nyuma ya pazia, mtungi wa maji uko mlangoni, na chini ya meza upo mfuko wa omena zilizonunuliwa kwa gorogoro. Jioni ugali huliwa, na sufuria hutiwa maji ili ukoko ulainike mpaka asubuhi. Taa huzimwa. Basi tazama alichoandaliwa mende: chakula kipo, maji yapo, giza lipo, na joto la pwani ya ziwa halimsumbui hata kidogo. Ndipo baba wa nyumba hunyunyiza sumu kandokando ya ukuta, na asubuhi akiona maiti kumi sakafuni hujihesabu mshindi.

Hajashinda. Mende mdogo wa rangi ya kahawia hafifu huitwa mende wa Kijerumani, ingawa uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa asili yake ni Asia. Jike lake hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na ganda la kifuko hicho huyakinga mayai na sumu nyingi. Mama aweza kufa, na mayai yaliyokaribia kuanguliwa yakaokoka. Zaidi ya hayo, sumu yenyewe huchoka. Mapema katika miaka ya 1950, huko Texas nchini Marekani, mende hao walionekana hawafi tena kwa sumu iliyokuwa ikisifiwa sana wakati ule. Wachache waliokuwa na maumbile ya kuistahimili walibaki, wakazaa, na watoto wao wakarithi ustahimilivu huo. Mambo yayo hayo yametokea tena na tena kwa sumu nyingine zilizofuata.

Sisemi kwamba mende ni mgeni wa kuvumiliwa. Hutoka chooni akapanda sahani bila kunawa miguu, na vinyesi vyake pamoja na magamba anayojivua huchanganyika na vumbi yakawachokoza wenye pumu. Lakini adui wa kweli asitufanye tushike silaha ya kijinga. Sheria ya Kenya ya mwaka 1982 inataka dawa za wadudu ziandikishwe na ziuzwe zikiwa na maandishi ya kuzieleza. Chupa ya soda haina maandishi hayo. Mtoto akiinywa kwa kiu, daktari ataambiwa nini? Ataambiwa ni dawa ya mende, neno lisilomjulisha chochote kuhusu sumu iliyomo.

Tena ipo aibu, nayo humfaidi mende kuliko hata omena. Katika nyumba za kupanga, vyumba hushiriki ukuta mmoja, na mara nyingi ukuta huo una nyufa. Wewe hunyunyiza Jumatatu kwa siri, mende wakahamia kwa jirani; jirani naye hunyunyiza Alhamisi kwa siri, wakarejea kwako. Hakuna athubutuye kusema, asije akaitwa mchafu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Na mwenye nyumba, apokeaye kodi kila mwezi bila kukosa, huziona nyufa hizo na bomba linalodondoka akanyamaza, kana kwamba saruji ni dhahabu. Wapangaji wote wakimwendea siku moja, kisha wakasafisha vyumba vyote siku moja, watafanya jambo ambalo chupa mia haziwezi kulifanya.

Utanijibu: Mwalimu, mama hurudi kutoka sokoni saa mbili usiku, amechoka, je, wamwongezea kazi? La. Wewe uliyeula ugali huo una mikono miwili. Sufuria ioshwe kabla ya kulala, wala isilowekwe. Omena zitiwe katika ndoo yenye mfuniko unaobana. Maji yaliyomwagika yafutwe, maana mende wa Kijerumani akikosa maji na chakula haishi zaidi ya wiki mbili hivi. Nyufa zizibwe. Makatoni yasirundikwe chini ya kitanda, kwa sababu mende hupenda mikunjo yake. Na kama baada ya hayo yote wamebaki, inunuliwe dawa iliyoandikishwa, hasa ile ya chambo, iwekwe ndani ya nyufa mahali ambapo mtoto hafiki, kwa kipimo kilichoandikwa. Mwenye pupa huzidisha kipimo akadhani amezidisha nguvu, kumbe amejizidishia sumu ya kuvuta yeye mwenyewe.

Nawe uliye katika shule ya bweni, usidhani maneno haya ni ya watu wa nyumbani peke yao. Sanduku lako la bati, lenye mkate uliofichwa tangu Jumamosi na sukari iliyomwagika chini ya vitabu, laweza kuwa gari la mende. Utalipakia kwenye matatu siku ya kufunga shule, nawe utalifungua Siaya, Homa Bay au Nyalenda, katika chumba ambacho mama yako amejitahidi muhula mzima kukisafisha. Basi ufikapo, liache nje juani. Toa kila kitu, kung'uta nguo na vitabu kimoja kimoja, chungulia pembe zote na bawaba, usugue kwa maji ya moto na sabuni, kisha ndipo uliingize ndani.