NGOMA YA AKINA MAMA NI TAARIFA

Ni desturi yetu kiongozi anapozuru kijiji kupokewa kwa ngoma. Akina mama hucheza, mgeni rasmi hutunza, kisha ngoma husimamishwa ili hotuba ianze. Hapo ndipo tunapokosea. Mara nyingi hotuba huwa imekwisha kutolewa, na walioitoa ni wale waliokuwa wakicheza.

Tuchukue mfano wa Mzenga, wilayani Kisarawe, katika nchi ya Wazaramo. Huko, kama ilivyo katika unyago wa Unguja, mambo ya ndoa, uzazi na utu uzima yalifundishwa kwa mwili na kwa wimbo. Mwali aliwekwa ndani, akafundwa, akatolewa kwa ngoma. Kwa hiyo mwanamke asiyepewa nafasi ya kusema mkutanini anayo lugha nyingine, nayo ni ya zamani kuliko mikutano yetu.

Lugha hiyo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Wanakijiji walitaja matatizo yao, wakayajadili, wakayatungia ngoma na michezo. Mojawapo lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Zanzibar iliwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani mwaka 2010. Tanzania Bara ilifanya hivyo Novemba 2021. Hatusemi kwamba ngoma ingeliweza peke yake kubadili sera. Tunasema kwamba tatizo lilikwisha kuwekwa uwanjani, mchana kweupe, karibu miaka 40 kabla.

Leo sinema inaweza kuifikisha ngoma ya kijiji mbele ya ofisi yoyote. Sisi wa visiwani tunalijua hilo. Filamu ya mwaka 2006 juu ya maisha ya Bi Kidude, aliyekuwa mwalimu wa unyago na aliyefariki Aprili 2013, ilimfikisha kwa watu ambao hawakupata kuiona Zanzibar. Lakini kamera ina hatari yake. Unyago una mambo yasiyokusudiwa macho ya kila mtu, na mpiga picha mwenye haraka huweza kumgeuza mama kuwa pambo katika habari yake mwenyewe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Basi akina mama wenyewe ndio waamue lipi lipigwe picha na lipi libaki ndani. Waitazame kazi kabla ya wengine. Na ikizaa fedha, wapate haki yao. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 imezitambua sanaa za jadi. Kazi iliyobaki ni kuwaeleza wenye sanaa hizo.

Tunawaomba maofisa utamaduni, Bara na Visiwani, ngoma ikiisha wasiondoke na mgeni rasmi. Waketi na wachezaji, waulize maana ya waliyoyaona, waandike, na wafikishe majibu kwa maofisa wa afya, elimu na ardhi. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limewahi kupeleka sinema vijijini. Ni matumaini yetu kwamba sinema zitakazotengenezwa na wanawake wa vijiji kama Mzenga zitaonyeshwa kwanza huko huko, na viongozi watakuwa miongoni mwa watazamaji, wakiwa kimya.