Msiba wa Kujitakia Una Kilio

Methali zetu twazipenda, wala hatuandiki maneno haya kwa kuzidharau. Sisi walimu kila siku twazifundisha. Lakini iko moja ambayo twaona haifai kutamkwa katika baraza la kanisa, nayo tumeisikia humo kwa masikio yetu: ya kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Sokoni mtu na aiseme apendavyo. Kanisani ni kinyume cha Injili nzima, na sababu yake twataka kuieleza.

Habari yenyewe ni hii. Katika mtaa wetu alikuwako mtu mmoja, jina lake hatulitaji, aliyekuwa mtunza fedha za kanisa. Mwaka mmoja sadaka za mavuno zilikusanywa ili yanunuliwe mabati ya shule, maana makuti yalikuwa yameoza, na mvua ikinyesha watoto walihama na madaftari yao toka pembe hii hata pembe hii. Fedha zile alizila. Alipoona siku ya hesabu imekaribia, alitoroka usiku akaenda Mombasa, akawaacha mkewe na watoto wanne waone haya peke yao. Miaka mitano hakuonekana. Mwaka wa sita akarudi, amekonda, na mkononi ana fedha zisizofika hata nusu ya deni. Akasimama mbele ya wazee, akasema: "Wazee wangu, niliiba. Hizi ndizo nilizopata. Zilizobaki nitalipa kwa jasho langu. Naomba mnipokee."

Wazee wakanyamaza kitambo. Kisha mmoja wao, mtu mwema, atupitaye sisi kwa kufunga na kusali, akaitamka methali ile. Shauri likakatwa: fedha zipokewe, yeye mwenyewe akae benchi la mlangoni, asikaribie Meza ya Bwana kwa miaka mitatu, na jina lake lisomwe mbele ya watu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ili wengine wapate kuogopa. Yule mtu akasema, "Ahsanteni, wazee," akatoka. Nasi, msomaji, ndio tuliokuwa tukiandika maneno ya mkutano. Tuliyaandika yote kwa hati nzuri, wala hatukufungua kinywa. Basi tukisema hapa neno kali, twajisema sisi wenyewe kwanza.

Usiku ule lililotunyima usingizi halikuwa ukali wa hukumu peke yake. Tulikumbuka nyuso. Watu kumi na mmoja walikuwamo chumbani, na mwizi amerudi kwa miguu yake mwenyewe, pasipo kushikwa na askari, wala hapana hata mmoja aliyefurahi. Mwenye mbuzi aliyepotea, akimwona anarudi jioni, hucheka peke yake njiani. Sisi tulirudishiwa mtu, tukakunja uso kama waliorudishiwa deni pungufu.

Fungua kitabu cha nabii Mika, msomaji, usome mwisho wake. Jina la Mika maana yake ni kuuliza, "Ni nani aliye kama Yehova?" na nabii huyu, akifunga kitabu chake, alirudia swali la jina lake mwenyewe. Je, alijibu kwa habari za ngurumo, au za majeshi ya mbinguni? Hasha. Alisema Mungu hana mfano kwa kuwa husamehe. Tena akaeleza sababu ya kuiacha hasira yake, kwamba rehema humpendeza. Hapa ndipo tukazie macho. Wengi wetu twadhani Mungu husamehe kama mtu alipavyo kodi, kwa kuwa imempasa, na moyoni angependa afadhali kupiga. Mika asema sivyo. Kuadhibu ni kazi afanyayo Mungu akilazimishwa na uovu wetu. Kurehemu ni furaha yake.

Nabii aongeza kwamba dhambi hutupwa vilindini mwa bahari. Sisi watu wa pwani twajua kilindi ni nini. Nje ya mwamba, pale maji yanapogeuka kuwa meusi, kitu kikizama hapana mpiga mbizi akifuataye. Walakini wako Wakristo wanaokwenda huko na mishipi na ndoana, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi huvua kile alichokitupa Mungu, wakakianika mbele ya madhabahu.

Tazama tena mfano wa baba mwenye wana wawili. Twausoma mara nyingi, lakini hatumwangalii sana mwana mkubwa. Hakusema mdogo wake afukuzwe. Hakusema anyimwe chakula, wala alazwe nje. Kilichomchoma ni ndama, na ngoma, na kicheko cha baba. Angalipata mdogo wake sahani ya maharagwe jikoni pamoja na watumwa, huenda yule mkubwa angaliingia ndani akalala vizuri. Sasa na tuulizane: baraza letu lilimpa yule mtu nini, kama si sahani ya jikoni? Halikumfukuza, ni kweli. Lilimkataza karamu. Na Yona naye, aliyekasirika kwa kuwa Ninawi haukuangamizwa, akaketi nje ya mji kibandani pake, Mungu alimkumbusha watu zaidi ya 120,000 waliomo mjini, tena na mifugo mingi. (Hutufurahisha sana jambo hili, kwamba hata ng'ombe wa Ninawi walihurumiwa.) Kitabu kile chaisha kwa swali, wala hakituambii Yona alijibu nini.

Twajua tutakavyopingwa. Mtasema: "Mwalimu, rehema kama hiyo itawaharibu vijana. Kesho kila mtunza fedha atakula sadaka, kisha atakuja kulia." Neno hili si la kipumbavu, nasi hatulitupi. Mabati yalikuwa ya watoto, na watoto walinyeshewa. Wala hatukubali mtu aseme kwamba jambo hili ni dogo. Deni na lilipwe mpaka senti ya mwisho. Asipewe tena kasha la sadaka, maana kumpa ulevi mtu aliyekuwa mlevi si rehema. Haya yote ni haki. Lakini mkumbukeni Zakayo, mtoza ushuru. Yeye naye alikula mali za watu, akaahidi kurudisha mara nne. Aliahidi lini? Baada ya Bwana kumwita kwa jina na kuingia nyumbani mwake, na watu wamekwisha nung'unika nje. Bwana hakumwambia alipe kwanza, ndipo ale naye. Aliingia, na kwa kuingia kwake mfuko ukafunguka. Sisi twataka kugeuza mambo: lipa, ngoja miaka mitatu, ndipo tutakapokusalimu. Na kwa nini kijana aogope kwa kusikia jina likisomwa? Atajifunza jambo moja tu, kwamba akiiba asirudi.

Wala tusidhani kwamba rehema ni kitu kigeni kwetu, kilicholetwa jana katika kasha la vitabu. Nchi yetu hii ya pwani ina ushuhuda wake. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini, na mwaka wa 1875 Freretown ikaanzishwa, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watu waliokombolewa majahazini. Hao walikuwa na ruhusa ya serikali. Walakini walikuwako wengine wasio na ruhusa, nao ndio watoro, waliokimbia mashamba ya mabwana zao wakaja Rabai. Kwa sheria ya siku zile mtoro alihesabiwa kuwa mwizi. Mali aliyoiba ilikuwa mwili wake mwenyewe. Amri ilikuwa kwamba misheni isiwapokee, na wakubwa waliogopa, kwa kuwa mabwana walitisha kuja kuchoma nyumba.

Pale Rabai alikuwako William Jones, Mwafrika mwenzetu, aliyetekwa utotoni akauzwa, akakombolewa, akalelewa Nasik katika Bara Hindi. Askofu Hannington alimpa ushemasi mwaka wa 1885. Mwaka ule ule alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda, na Askofu alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba, Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliobaki. Huyu watoro walikuwa wakimjia, naye hakuwafukuza. Angewezaje? Alikuwa mtumwa, na mlango ulifunguliwa kwa ajili yake. Mwaka wa 1888 Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipofika Mombasa, ilionekana kwamba katika vituo vya misheni wamo watoro zaidi ya 1,400. Mabwana wakalipwa fedha, na watu wale wakapewa hati za uhuru. Hesabu ilitakiwa kulipwa, nayo ikalipwa. Lakini ilikuwa baada ya watu kupewa kwanza mahali pa kulala na udongo wa kulima. Wengi wetu tunaokaa mabenchi ya mbele leo tu wajukuu na vitukuu vya watu wale. Kama babu zetu wangaliambiwa kwamba msiba wao waliutaka wenyewe kwa kutoroka, sisi tungalizaliwa wapi?

Lakini tusisifu upande mmoja tu. Freretown yenyewe, nyumba iliyojengwa kwa huruma, ilipata kuwa nyumba ya fimbo. Watu waliotolewa katika minyororo walipigwa na kufungwa na msimamizi wao kwa ajili ya nidhamu, hata habari zikafika nje, zikachunguzwa mwaka wa 1881. Twasema jambo hili kwa sababu latuhusu sana. Walioianzisha Freretown hawakuwa watu wabaya, na fedha zao walizitoa kweli. Ila mtu akiwa na rehema isiyo na furaha, hupesi kuchoka nayo, na akichoka hutafuta fimbo. Humwambia yule aliyemsaidia, "Nimekutendea mema, nawe hunishukuru." Mwenye kufurahi hana haja ya kushukuriwa, kwa maana amekwisha pata ujira wake katika kutenda.

Na kuwashirikisha wengine furaha hiyo hakutaki mali nyingi. Twafahamu mama mmoja mjane ambaye, siku ile ile hukumu ilipotolewa, alimpelekea mke wa mtu yule kikapu cha mihogo na nazi mbili. Hakuhubiri. Alikaa uani akamenya mihogo pamoja naye, wakazungumza habari za mvua, kisha akaenda zake. Mabati yale yangalifunika pia wajukuu zake, kwa hiyo alikuwa na haki ya kukasirika kama sisi sote. Tulipomwuliza kwa nini amekwenda, alitushangaa, akasema, "Mwalimu, mume amerudi! Ningekaaje nyumbani?" Hilo neno la mwanamke asiyejua kusoma latosha kutahayarisha maandishi yetu mazuri ya mkutano.

Sasa ni mwezi wa saba tangu hukumu. Mtu yule hakosi ibada, na kila mwezi huleta fedha kidogo, nasi twamwandikia cheti. Mwanawe wa pili, aliye katika darasa letu la nne, Jumapili za kwanza za mwezi husema anaumwa tumbo. Tumekwisha waandikia wazee kuomba shauri hili lirudishwe barazani kabla ya Pasaka, na safari hii kalamu ataishika mwingine, ili sisi tupate kusema. Nasi tangu mwezi uliopita twakaa benchi la mlangoni pamoja na mke wetu, kwa kuwa hapana sheria ya kanisa izuiayo. Mzee mmoja alitujia akatuuliza, "Mwalimu, nawe umeiba nini?" Tukamsogezea nafasi. Hakukaa, ila alisimama pale kitambo kabla ya kwenda mbele.

Walio na neno la kutupinga na waandike. Twaamini Mhariri atawapa nafasi, kwa kuwa mashauri kama haya yako katika mitaa mingi wala si kwetu tu. Ila twawaomba, kabla ya kutuandikia habari za nidhamu, watuambie kwanza mtu wa mwisho aliyetubu katika kanisa lao alirudi lini, na watu walikula nini siku ile.